Shangazi, simu za nyumbani zinamsaidia au zinamzamisha?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 36, nina duka la vyakula Nkuhungu hapa Dodoma. Nakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, ambaye tangu Septemba yuko Glasgow, Uskoti, anasoma uzamili wa uhandisi wa maji kwa ufadhili. Kozi ni ya mwaka mmoja. Shahada ya kwanza aliipata hapahapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na kila wikiendi alishuka kutoka kule mlimani kuja kula kwangu, kwa hiyo hajawahi kuishi mbali na sisi.

Mwanzoni alikuwa na furaha. Mambo yalianza kubadilika mwisho wa Oktoba, waliporudisha saa zao nyuma na giza likaanza kuwahi. Desemba hii jua kwao linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi kasorobo alasiri, na hilo ni jua la kwenye kalenda tu, maana siku nyingi ni wingu na manyunyu kutwa nzima. Nilipiga hesabu nikashangaa: kwa kuwa sisi tuko mbele kwa saa tatu, jua lake na letu yanazama karibu dakika zilezile. Ila sisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tumeshaliona. Yeye likimchomozea, huku mimi nimeshainjika sufuria ya mchana.

Hapa nyumbani wengi hawamwelewi. Sisi ni Wagogo, Shangazi. Mwaka wa kawaida Dodoma haifikishi milimita 600 za mvua, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Wingu likitanda tunashukuru. Sasa mtu akilalamika kwamba mvua inamkosesha raha, baba mdogo anacheka: "Aje alime uwele hapa Chamwino, alione jua analolililia." (Na kweli, kijana wa Dodoma kwenda kusomea maji halafu maji yamwonee, Mungu naye ana utani wake.) Kwa baba mdogo, huyu anadeka. Mimi ninayemsikia kila siku najua hadeki. Analala mpaka mchana na anaamka amechoka. Anakula mikate mfululizo. Vipindi vingine haendi. Mtu aliyekuwa mtani wa kwaya nzima sasa anajibu kwa mkato.

Jirani yangu muuguzi alinieleza kwamba hali hii inajulikana, kwamba mwanga ukipungua sana usingizi unavurugika na moyo nao unaporomoka. Kule wanauza taa maalumu ya mwanga mkali, luksi 10,000, mtu anakaa mbele yake karibu nusu saa kila asubuhi. Akataja na vitamini D, ambayo serikali ya huko yenyewe inawashauri watu waitumie miezi ya baridi, na wenye ngozi nyeusi kama sisi mwaka mzima. Vidonge ameanza. Hela ya taa nimemtumia, sijui kama amenunua. Daktari ndiye hataki kumsikia kabisa, ingawa ada ya matibabu ililipwa pamoja na viza. Unatujua tuliokulia Dodoma: tangu utotoni tunatishiana "utapelekwa Mirembe", hospitali yetu ya wagonjwa wa akili. Utani huo kauhamishia Glasgow. Anaamini akimwambia daktari kwamba moyo wake hauko sawa, ataandikwa kichaa na wafadhili watapata habari.

Lakini kilichonifanya nikuandikie hasa ni simu. Akishaingia chumbani anapiga simu ya video. Haongei sana. Anataka niiegeshe simu kaunta aone wateja, asikie bajaji zinavyopita, kisha niingie nayo jikoni nikisonga ugali, na tukae hivyo mpaka saa nne, saa tano usiku. Mara nyingine anasinzia hewani. Jumapili anataka niende naye kanisani. Aliniagiza mlenda mkavu, nikampatia msafiri pamoja na karanga na ubuyu, nikidhani atawakaribisha wenzake. Anaupika na kula peke yake, mlango umefungwa, simu mbele yake. Watanzania wa huko wamemwalika zaidi ya mara moja, hakwenda, kwa sababu saa ya mwaliko ndiyo saa yetu. Mume wangu, ambaye si kawaida yake kuingilia mambo ya wadogo zangu, juzi kasema neno likanichoma: "Huyu hajaenda Ulaya, amehamia kwenye simu yako."

Jioni moja niliacha kupokea makusudi, nione atafanyaje. Akatuma ujumbe: "Dada, leo sijaongea na mtu yeyote." Sijathubutu tena.

Sasa anasema anataka kuja Krismasi na asirudi huko. Mama hajui lolote, ana presha; akijua atasema arudi hata kesho. Baba mdogo atasema avumilie. Najua mwishoni mwa Machi mchana wao unakuwa mrefu kuliko wetu, na Juni jua huko linazama saa nne usiku. Ila Machi ni mbali, na sijui kama mtu wa hali hii unaweza kumwambia asubiri kalenda.

Naomba unishauri, Shangazi. Nikimwekea muda wa simu, tuseme nusu saa tu kwa siku, nitamsukuma atoke nje au nitamwacha gizani peke yake? Nitumie maneno gani kumshawishi amwone daktari bila kumfanya ajione wa Mirembe? Nimefikiria pia kumtafuta mmoja wa Watanzania wale kwa siri, akamgongee mlango, lakini naogopa kumdhalilisha mtu mzima wa miaka 26. Na mama, nimwambie sasa, au nisubiri kijana aamue kuhusu Krismasi? Nauli naweza kuungaunga, ila tiketi zinapanda kila siku, kwa hiyo nakuomba usikawie kunijibu.

Dada Mkubwa,
Nkuhungu, Dodoma