Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Uchaguzi na Wilaya Nane za Minnesota

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wa Brooklyn Park na Brooklyn Center, wa St. Paul, Rochester, St. Cloud, na ndugu zetu wachache walioko Duluth. Habari za fedha na mfuko wa misiba mtazipata kwa mweka hazina. Hesabu zimefungwa na mwanachama yeyote anaruhusiwa kuzikagua. Mimi nitazungumzia uchaguzi wa tarehe 5 Novemba. Tumeujadili mwaka mzima, lakini naona matokeo yake bado hatujayasoma sawasawa.

Minnesota ina wilaya 8 za Bunge la Marekani, kila moja ikichagua mwakilishi mmoja, na vyama viwili vimegawana nne kwa nne, kama mwaka 2022. Republican wamebaki na Brad Finstad kusini katika wilaya ya 1, Tom Emmer katika ya 6, Michelle Fischbach katika ya 7 upande wa magharibi, na Pete Stauber katika ya 8 kaskazini. Democratic, ambao hapa kwetu wanaitwa DFL, wana Angie Craig katika ya 2, Kelly Morrison katika ya 3, Betty McCollum katika ya 4 na Ilhan Omar katika ya 5. Sura mpya ni moja tu, ya Daktari Morrison. Alichukua kiti kilichoachwa wazi na Dean Phillips, aliyejaribu kushindana na Rais Biden ndani ya chama chao. Wilaya ya 2 ndiyo iliyotajwa sana kuwa na ushindani, na hata huko Craig alimwacha Joe Teirab wa Republican kwa zaidi ya asilimia 10.

Sasa tazameni wilaya ya 5, ambako wanachama wetu wengi wanaishi. Novemba Ilhan Omar alipata karibu robo tatu ya kura. Wengi wetu tunamfuatilia kwa karibu, kwa kuwa utotoni alikaa miaka minne katika kambi ya wakimbizi ya Utange, karibu na Mombasa. Lakini kiti chake hakiamuliwi Novemba. Kinaamuliwa Agosti, kwenye kura za mchujo za DFL, ambako chama humchagua mgombea wake. Mwaka 2022 Don Samuels, mpinzani wake ndani ya DFL, alikaribia kumng'oa: asilimia 50.3 kwa 48.2, tofauti ya kura takriban 2,500 tu. Agosti mwaka huu walikutana tena, na Omar akashinda kwa takriban asilimia 56 kwa 43. Awe ndiye chaguo lako au Samuels, kama ulingoja Novemba ulikuta mambo yameshaamuliwa. Wilaya nyingine nyingi za jimbo hili ziko hivyo hivyo, za DFL na za Republican. Hilo ndilo linaloniuma. Tunajaa vituoni Novemba, na Agosti hatuonekani.

Chama chetu hiki cha jamii si cha siasa; hakimpigii debe mgombea yeyote, wala sheria ya vyama visivyo vya faida hairuhusu. Kuhimizana kwenda kupiga kura kunaruhusiwa.

Wapo wanaosema idadi yetu ni ndogo mno. Wakumbuke sensa ya 2020. Viti 435 vya Baraza la Wawakilishi vilipogawanywa, kiti cha mwisho kilikuja Minnesota. New York ingalihesabiwa watu 89 zaidi, kingekwenda kwao, nasi tungebaki na wilaya saba. Watu 89! Msiba mmoja wa kwetu hukusanya watu zaidi ya hao. Na sensa haichagui raia na asiye raia: mkimbizi aliyefika juzi, mwanafunzi, bibi aliyekuja kulea wajukuu, wote walihesabiwa. Wale waliojaza fomu ile huku wakiamini siasa za hapa haziwahusu, wamo ndani ya kiti hicho.

Kwenye Bunge la jimbo namba zilikuwa finyu zaidi. Baraza la Wawakilishi limetoka sare, 67 kwa 67. Huko Shakopee kiti kimoja kimeamuliwa kwa kura 14, na kesi ikaenda mahakamani kwa sababu kura 20 zilipotea. Katika Bunge hilo hilo Huldah Momanyi Hiltsley, kutoka eneo la Brooklyn Park, ameandika historia kama mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuchaguliwa humo. Tunampongeza kwa moyo wote.

Kwa wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu bila uraia, nasema kwa msisitizo: msijiandikishe kupiga kura, hata kama karani au fomu ya leseni ya udereva inakupa nafasi hiyo. Kupiga kura kabla ya kuwa raia ni kosa la jinai na kunaweza kuharibu kabisa ombi lako la uraia. Ukiwa na shaka, usitie saini. Piga simu kwa katibu kwanza.

Kwa raia, visingizio vimepungua. Kura za mapema huanza siku 46 kabla, hata za mchujo, kwa hiyo muuguzi wa zamu mbili ana muda. Siku yenyewe mwajiri anapaswa kukuruhusu uende kupiga kura bila kukukata mshahara. Unaweza kujiandikisha pale pale kituoni, na ukikosa hati ya makazi, mpiga kura wa eneo lako la kupigia kura anaweza kukudhamini. Asiyesoma Kiingereza anaweza kuingia na msaidizi wake.

Kamati imependekeza tuwe na kikosi cha kuwapeleka wazee vituoni. Kitaanza na uchaguzi wa miji ya Minneapolis na St. Paul, tarehe 4 Novemba 2025, kisha mchujo wa tarehe 11 Agosti 2026. Tunahitaji wenye magari na leseni, na watu wa kupiga simu kwa Kiswahili, Kisomali na Kinyarwanda. Majina yamfikie katibu kabla ya mkutano mkuu.

Mwenyekiti