Kabla hujafunga baiskeli kwenye boksi

Grenoble, Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, na nyingine uwafikishie Baba na Mama. Huku majira ya joto yanakwisha na mashindano ya milimani yamekwisha nayo. Kwa kuwa umeamua kuja kushindana La Marmotte, shindano la baiskeli la milima ya Alps huku Ufaransa, mwakani, nakuandikia mapema ili upate muda wa kutafuta friwili, yale meno ya gia za nyuma.

Urefu wa milima usikutishe. Galibier, sehemu ya juu kuliko zote njiani, iko mita 2,642, nawe unalala Iten, mita 2,400. Pumzi unayo. Kinachowatesa watu wa kwetu huku ni gia nzito, halafu mteremko.

Njia yake ya kawaida ni kama kilomita 175, na jumla ya kupanda ni mita 5,000: Glandon, Télégraphe, Galibier, kisha Alpe d'Huez miguu ikiwa imeshaisha. Alpe ni kilomita 13.8 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 8. Kona zake 21 zina namba zinazohesabiwa kinyumenyume, na kipande kibaya zaidi ni cha mwanzo kabisa, kabla ya kona ya 16. Sasa piga hesabu. Mtu wa kilo 70, na baiskeli na maji yake kilo 10, akitaka kwenda kilomita 10 kwa saa kwenye mwinuko huo anahitaji kama wati 190. Akiwa na meno 34 mbele na 25 nyuma, anakanyaga mizunguko 58 kwa dakika. Akiweka 34 nyuma, mizunguko 79. Nguvu ni ile ile, ila kila kukanyaga kunakuwa kwepesi, na magoti yanafika salama. Nunua friwili ya 11-34, yaani gia ndogo ina meno 11 na kubwa 34, ujue pia kama kihamisha gia chako cha nyuma kinaweza kubeba meno 34, na ununue cheni mpya ya urefu unaofaa. Cheni fupi ukiipeleka meno makubwa mbele na makubwa nyuma inakazika mpaka inang'oa kihamisha gia. Wenzako watakucheka kwamba ni gia ya wazee. Waache.

Mteremko sasa, na hapa nisome polepole. Baiskeli nyingi zinazouzwa huku zina breki ya mbele mkono wa kushoto. Sisi tumezoea kulia. Usiazime ya mtu siku ya shindano. Magari nayo hupita kulia, na mtu akishtuka ndani ya kona, mazoea ya nyumbani humvuta kushoto, kwenye gari linalopanda. Kushuka Glandon barabara ni nyembamba na kali, ndiyo maana waandaaji hawahesabu muda wa kipande hicho. Anayekimbia hapo anakimbilia nini?

Usishikilie breki kidogo kidogo njia nzima. Kamata kwa nguvu kabla ya kona, achia, uzipe upepo zipoe. Rimu za kaboni zenye breki za mpira zikipata joto mfululizo hulainika na kupasuka. Za diski, padi hung'aa kama kioo na kupiga kelele bila kushika. Mafuta ya breki yakichemka, mkono wa breki unaingia mpaka kwenye usukani. Ikifika hapo simama, subiri zipoe. Padi mpya zizoeshe kabla: kimbia kilomita 30 kwa saa, funga breki mpaka ukaribie kusimama, rudia mara 20.

Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kama nyuzi 6.5. Kutoka Saint-Michel-de-Maurienne, mita 710, hadi Galibier unapoteza zaidi ya nyuzi 12, kisha unateremka muda mrefu ukiwa umelowa jasho. Koti jepesi la upepo na glavu uvae palepale juu, kabla hujaanza kutetemeka, maana vidole vilivyoganda havikamati breki. Beba taa ya mbele na ya nyuma. Kuelekea Bourg d'Oisans kuna mahandaki.

Chakula: gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, kuanzia saa ya kwanza. Sukari ya kawaida gramu 80 na chumvi kidogo katika maji mililita 750 inatosha, huna haja ya pakiti za bei. Ila tumbo nalo hufunzwa. Anza sasa, la sivyo utatapika Valloire, kabla ya kupanda Galibier.

Boksi. Pedeli ya kushoto hufunguliwa kinyume, kwa kuizungusha upande wa saa. Weka kipande cha plastiki katikati ya padi za diski, ili mtu akiminya breki zisijifunge. Fungua kihamisha gia, kifunge kwa kitambaa ndani ya fremu, na ununue akiba ya kile kibati kinachokishikilia. Kikipinda kidogo tu safarini, ukiweka gia ya mwisho kupanda, kihamisha gia kinaingia kwenye spoki, na shindano limeishia hapo. Mirija ya gesi ya kujazia upepo iache. Njoo na pampu.

Kabla ya kufungua chochote, pima kutoka katikati ya krenki hadi juu ya kiti, uniandikie hicho kipimo.

Kaka yako