Programu za michoro zifike na kwenye Linux

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie watengenezaji wa programu za michoro kilio chetu sisi wachora mabango wa Lamu, ambao wengi wetu tunatumia kompyuta kuukuu zenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, ilhali programu nyingi za kulipia wanazotumia wateja wetu hutolewa kwa Windows na Macintosh tu.

Najua kuhamisha programu si kunakili faili, kwani kila mfumo una njia yake ya kuchora dirisha, kusoma fonti na kuwasiliana na kadi ya michoro, hata sehemu kubwa ya msimbo, yaani maagizo yanayoiunda programu, ikalazimu kuandikwa upya. Lakini yawezekana. Photoshop, programu ya kuhariri picha, ilitoka mwaka 1990 kwa Macintosh pekee, kisha ikafika kwenye Windows. Na Blender, programu ya michoro ya pande tatu ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa wote mwaka 2002, hufanya kazi kwenye mifumo yote mitatu.

Juzi mteja aliniletea faili la bango la Maulidi. Nilipolifungua kwenye Linux yangu, herufi za Kiarabu zilikuwa zimeachana moja moja, bismillahi haisomeki, na kijani cha kuba kimefifia. Nikakesha nikiliandika upya, neno kwa neno, na mteja (Mungu amjazi kheri) akanivumilia.

Kwa hiyo nawaomba watengenezaji hao watoe matoleo ya Linux, na wasioweza wachapishe maelezo kamili ya muundo wa mafaili yao, ili programu nyingine ziyafungue bila kuyaharibu.

Mchora mabango,
Langoni, Lamu