Marekani haina likizo ya lazima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo wengi wetu, tuliozoea kuitazama Marekani kama kilele cha maisha bora, hatulitarajii. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938, inayosimamia ujira na saa za kazi nchini humo, haimlazimishi mwajiri wa sekta binafsi kumpa mfanyakazi hata siku moja ya likizo yenye malipo. Mama anayejifungua naye, kwa sheria ya mwaka 1993, hulindiwa kazi yake kwa wiki 12 bila ujira, tena iwapo tu mwajiri huyo ana wafanyakazi wasiopungua 50.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka na siku 84 za uzazi, zote kwa malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua pacha. Najua fika kwamba mama lishe hana wa kumwomba likizo hiyo. Hata hivyo, vijana wanaoniuliza habari za ajira ng'ambo mimi huwaambia waanze kusoma mkataba kwenye kifungu cha likizo, kabla ya kile cha mshahara.

Msomaji wako,
Morogoro