Shangazi, nisomee ustawi wa jamii kwa pesa zangu au uuguzi kwa pesa za kaka?

Shangazi mpendwa,

Asalaam aleikum, na pole kwa kazi ya kusoma shida zetu. Yangu ni hii: kaka yangu mkubwa, anayefanya biashara Bombo, amesema atanilipia ada ya chuo yote mpaka nimalize. Sharti lake ni kwamba nisomee uuguzi. Mimi nataka kusomea ustawi wa jamii, na kwa hilo hatoi hata senti. Anataka jibu kabla ya Ramadhani, nami nimekwama.

Nina miaka 33, mume na watoto wawili, na naishi Arua. Kwetu ni Wanubi. Nyumbani tulikua na Kinubi na Kiswahili, Kilugbara nikakiokota shuleni na sokoni, nikakimalizia kwa mume. (Wako watu Kampala wanaodhani Kiswahili Uganda ni cha askari peke yao. Waje sokoni Arua siku Wakongo wanapouza vitenge.) Lugha hizo ndizo zilizonipa kazi. Nimekuwa mkalimani na mhamasishaji wa shirika moja linalohudumia wakimbizi wa makazi ya Rhino Camp na wenyeji wa vijiji vya jirani. Kwa Wakongo natumia Kiswahili, kwa watu wa Sudan Kusini Kinubi changu kinaelewana vizuri na Kiarabu cha Juba, na kwa wenyeji Kilugbara. Utaratibu wa serikali ni kwamba misaada inayokuja kwa ajili ya wakimbizi, asilimia 30 iwafae na wenyeji, kwa hiyo kila wiki nilikuwa naingia nyumba za pande zote mbili.

Kazi yenyewe naijua. Waliokuwa wananilipa pia wanajua kwamba naijua, kwa maana kila alipoajiriwa kijana mpya mwenye digrii, nilipewa mimi nimzungushe. Nikupe mfano mmoja ndio uone ninachosema.

Kuna mama mmoja mzee sana, haoni vizuri, anaishi na wajukuu. Wazee waliofika miaka 80 serikali inawapa shilingi 25,000 kwa mwezi kupitia mpango wa SAGE, lakini yeye jina lake halikutoka. Tulikwenda kwake na kijana wetu mpya na tableti yake. Akaomba kitambulisho cha taifa, akasoma mwaka wa kuzaliwa, 1957, akabonyeza "hastahili", akaanza kufunga mkoba. Mimi nikabaki namtazama mwanawe wa kwanza, mzee mwenye mvi aliyekaa chini ya mwembe. Nikamwomba na yeye kitambulisho chake. Alizaliwa 1961. Yaani kwa hesabu ya serikali, huyu mama alijifungua akiwa na miaka minne!

Nilimuuliza mama alipoolewa nani alikuwa akitawala. Akacheka, akasema Wazungu walikuwa bado hawajaenda. Nikaenda na mjukuu wake kanisani, katekista akapekua madaftari mpaka akapata ubatizo wake wa utotoni, 1941. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akaandika barua, tukaipeleka na karatasi ya kanisa ofisi ya vitambulisho ya wilaya. Ilichukua miezi, tukarudishwa na kuambiwa tungoje, lakini mwaka ulirekebishwa na sasa mama anapokea pesa yake. Kwenye ripoti ya shirika aliyeandikwa ni yule kijana. Mimi niko mwishoni, "mkalimani". Simlaumu, fomu ina nafasi ya jina moja la ofisa, na mimi si ofisa.

Nafasi ya uofisa ilipotangazwa ofisini kwetu, tangazo lilianza na "digrii ya ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii au inayofanana nayo". Sikuomba. Ningeombaje? Nina cheti cha S.6 (kidato cha sita) chenye principal moja (ufaulu kamili wa somo) na subsidiary (ufaulu mdogo), na kuingia chuo kikuu moja kwa moja kunataka principal mbili.

Lakini usifikiri nafuata karatasi tu, Shangazi. Kuna kitu wale waliosoma wanacho ambacho mimi sina, na nilikiona kwa macho. Ilikuja kesi ya msichana wa miaka 15 aliyetoroshwa aolewe. Nilitafsiri kila neno, msichana akanishika mkono muda wote, alinieleza mambo ambayo hakumwambia polisi. Kisha ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya akatakiwa kupeleka mahakamani ripoti ya hali ya mtoto na familia yake. Nilimtazama akiiandika: kifungu hiki cha Sheria ya Watoto, nani ana haki ya kumlea, hatari iko wapi, anapendekeza nini na kwa nini. Mimi niliyekuwa na habari zote kichwani nisingeweza kuandika hata ukurasa mmoja ambao hakimu angeusikiliza. Ndicho ninachotaka kujifunza: sheria, saikolojia, sera, namna ya kufanya kazi na mtu mmoja, na kikundi, na kijiji kizima, halafu nipelekwe mazoezini mtu aliyenizidi anisahihishe.

Sasa sikia upande wa kaka, maana si mjinga na ananipenda.

Mwaka 2025 misaada ilikatwa. Mwezi wa tano Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha mgao kwa wakimbizi milioni moja hapa Uganda. Nilikuwa nasimama mbele ya watu nikitafsiri habari hiyo, na kuna mama alinitukana kana kwamba mimi ndiye niliyekula mahindi yake. Mashirika yakaanza kupunguza watu. Kwetu tulitolewa kwanza sisi wa posho, na baadaye wakafuata wenyewe wenye digrii. Yule kijana wa tableti yuko kwao Mbale, anauza simu. Siku hizi mimi naitwa kwa kazi ya siku mojamoja, nikiitwa.

Kaka anasema: unataka kutumia miaka mitatu kutafuta karatasi ambayo wenzako wanaizungusha mitaani? Ananikumbusha kwamba Rais mwenyewe kila mara anasema sayansi kwanza, kwamba 2022 walimu wa sayansi wenye digrii walipandishwa mpaka milioni 4 kwa mwezi na wale wa sanaa wakagoma wasipate kitu. "Serikali imekuonyesha mlango ulio wazi, wewe unagonga uliofungwa." Hata bodi ya mikopo ya wanafunzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2014, pesa zake zimeelekezwa zaidi kwenye kozi za sayansi. Uuguzi wa cheti ni miaka miwili na nusu, matokeo yangu ya S.4 yanatosha, na muuguzi, anasema, hata vita ikija hakosi kazi.

Siudharau uuguzi. Nimejifungulia mikononi mwa wauguzi na nimewaona wakifanya kazi usiku kucha bila hata glavu za kutosha. Ila nikijifikiria nimevaa lile gauni naona natumikia hukumu. Mtu akiwa mgonjwa, mimi akili yangu inakwenda kwa nani amemwachia watoto nyumbani. Na fizikia na kemia nilifaulu kwa kukariri, sasa ni miaka mingi, yote imeshayeyuka.

Njia za kusomea ninachotaka nimeziulizia. Kwa kuwa nimepita miaka 25, naweza kufanya mtihani maalum wa watu wazima na nikifaulu niingie Makerere kwa digrii ya ustawi wa jamii, miaka mitatu. Kyambogo nako wana kozi za maendeleo ya jamii. Lakini Kampala ni kilomita karibu 500 kutoka hapa, na akiba yangu kwenye kikundi cha akina mama ni milioni 4 na laki 3. Ada, chumba, chakula na nauli ya basi, hiyo haifiki mwaka wa pili. Chuo cha serikali kilicho mlangoni kwetu, Muni, kinajulikana kwa sayansi, uuguzi na ualimu, na kaka hachoki kunionyesha geti lake kila anapokuja.

Njia ya pili ni diploma kwanza, kama Nsamizi kule Mpigi, miaka miwili, ambako wamefundisha maofisa wengi wa maendeleo ya jamii. Diploma ningeweza kuiunga na digrii baadaye. Lakini pia ni mbali, na mtoto wangu wa mwisho ndiyo kwanza anaanza P.1, darasa la kwanza.

Ya tatu ni digrii ya wikendi hapa hapa mjini, kwenye tawi la chuo kimoja cha binafsi. Ada inalipwa kwa awamu, nalala kwangu. Hapo ndipo moyo ulipoangukia, mpaka nikakumbuka kelele za 2023, ilipobainika kwamba kozi nyingi za vyuo vyetu muda wake wa ithibati (idhini rasmi ya kufundishwa) ulikuwa umepita kwenye orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Nilimuuliza msajili wa pale kama kozi hii, kwenye tawi hili, ina ithibati inayoendelea. Akanijibu, "Mama, wewe lipa fomu, hayo mengine ni ya ofisi." Shangazi, jibu hilo halikunikaa vizuri. Nikamuuliza na mazoezi ya vitendo yanafanyika wapi na chini ya nani, akasema nitajitafutia mwenyewe. Wakati mashirika yanafunga ofisi, nitajitafutia wapi?

Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani ni mgeni anayekuja na nguo chafu. Yeye amesema, "Amua wewe, ila usije ukanilaumu." Mama mkwe ameshaamua: nikae. Baba yangu mzee, ambaye ndiye ningemtegemea amwambie kaka alegeze sharti, anasema pesa ni za mwenye pesa.

Tegemeo langu ni moja: mashirika yanakuja na kuondoka, lakini kila sabukaunti ina nafasi ya ofisa wa maendeleo ya jamii wa serikali. Huyo ndiye anayesimamia vikundi vya akina mama, mikopo ya wanawake, kesi za watoto, sasa na mambo ya mpango wa serikali wa milioni 100 kwa kila parokia (eneo la utawala chini ya sabukaunti, si la kanisa). Nafasi hizo ni chache na kuzipata najua kuna foleni, na wengine wanasema kuna na bahasha. Lakini bila digrii hata foleni yenyewe siruhusiwi kupanga.

Basi naomba ushauri wako katika haya. Je, nichukue pesa za kaka nisomee uuguzi, nifanye kazi, halafu nijisomeshe ninachotaka baadaye? Ninaogopa kwamba "baadaye" hiyo nitakuwa na miaka 40 na watoto wanaodai ada zao. Au nimkatalie kwa heshima nianze kidogokidogo kwa akiba yangu? Na nikimkatalia, nitamwambiaje kaka aliyenilipia shule tangu S.1, bila aone nimemdharau? Maneno ya hapo ndiyo yananishinda zaidi.

Na kama miongoni mwa wasomaji wako yupo ofisa wa sabukaunti aliyesoma wikendi huku akilea, naomba aniambie mazoezi ya vitendo aliyafanyia wapi, nani alimsimamia, na kabla ya kulipa alihakikishaje kwamba kozi yake ina ithibati.

Mama Swaleh,
Arua