Kwa somo yangu, juu ya mdogo wako

Ujiji, Kigoma

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Barua yako juu ya mdogo wako, anayesikia sauti na halali usiku, niliisoma baada ya zamu, nikairudia asubuhi. Poleni sana, wewe na mama.

Kabla ya yote nakuomba jambo moja: mfungueni hizo kamba. Najua mmemfunga kwa kumpenda, asije akatoka usiku akapotelea huko kwenu Isevya, Tabora. Lakini sauti zinamwambia kwamba ndugu zake wamemgeuka, na kila akitazama mikono yake anaona ndivyo ilivyo. Ondoeni visu, panga na sumu ya panya, mpokezane kukaa naye wawili wawili, mwongee naye taratibu. Hapa kituoni wengi huletwa wamefungwa katani, wamebanwa katikati ya watu juu ya bodaboda, na ombi langu la kwanza huwa ni hilo hilo. Mara nyingi mtu akishafunguliwa na kupewa maji, anakaa.

Mama anauliza kwa nini umwandikie tabibu na si daktari. Ana haki ya kuuliza. Sisi tunasoma stashahada miaka mitatu, na huku vijijini ndio tunaokutana na mgonjwa kwanza, maana bingwa wa magonjwa ya akili ni wa kutafutwa kwa tochi. Hata Marekani wana kada inayokaribiana na yetu, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wahudumu wa tiba waliotoka jeshi la majini.

Chuoni magonjwa ya akili tuliyapitia haraka haraka. Kilichonivuta ni Mirembe, pale Dodoma, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo tangu 1927, ambayo utotoni tulikuwa tunatishiwa nayo. Nilipelekwa huko kwa mafunzo ya vitendo. Muuguzi mmoja mtu mzima alikuwa haingii chumba cha mgonjwa bila kubisha hodi. Mlango wenyewe uko wazi, mgonjwa amelala kageukia ukuta, hajatamka neno tangu juzi. Hodi. Anasubiri. Hodi tena. Kisha anaingia polepole, anasalimia, anaendelea na kazi yake. Siku moja nikiwa nyuma yake na trei ya dawa, yule wa ukutani akajibu, "Karibu." Nilirudi bwenini nimeshaamua.

Kwa hiyo mgonjwa akija kwangu, namwuliza yeye kwanza. Ndugu wakianza kumsemea, nawaambia zamu yao inakuja. Amelalaje? Amekula nini? Nani anamsumbua? Sibishani naye kuhusu sauti, wala sijifanyi nami nazisikia. Nataka kujua zinamwambia nini. Namwuliza pia waziwazi kama amewahi kuwaza kujiua. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unamtia wazo. Si kweli, wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Kwetu sheria bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, ndiyo maana familia inakuambia kijana alikunywa sumu kwa bahati mbaya. Hili linaniuma sana. Mtu aliyeponea chupuchupu anahitaji kitanda na wa kukaa naye, si kesi.

Wala sikimbilii kusema ni akili. Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, kifafa, VVU, bangi, vyote vinaweza kumfikisha mtu hapo alipo mdogo wako. Tunapima kwanza.

Nikupe habari ya mvuvi mmoja wa dagaa. Vidonge vilimshinda, akahamishiwa sindano ya kila mwezi ya flufenazini, dawa ya magonjwa ya akili, nayo akawa haji. Kwenye faili kaandikwa mtoro. Nilipokaa naye nikamwuliza ni siku zipi anashinda nchi kavu, akanicheka, akasema kila mtu mwaloni anajua: mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika. Sasa tarehe yake tunaipanga kwa mwezi wa angani, tukaachana na wa kalenda, na hakosi. Anavua, analea wanawe, na pale mwaloni wamerudi kumwita kwa jina lake.

Mdogo wako huenda akaanzishiwa haloperidoli, dawa ya kutuliza hizo sauti. Usingizi hurudi mapema, sauti huchukua wiki kadhaa kutulia, msikate tamaa. Shingo ikipinda, macho yakikwama juu au mwili ukikakamaa, si uchawi wala sumu: ni dawa yenyewe, na iko ya kuituliza hali hiyo, benzheksoli. Mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo. Familia nyingi huacha dawa hapo kwa sababu hakuna aliyewaeleza mapema. Na akipata nafuu asiache mwenyewe. Kwa kawaida huendelea mwaka mzima au zaidi.

Mama akitaka kumpeleka kwa mganga, usigombane naye. Mwombe tu kijana asipigwe, asinyimwe chakula, na dawa za hospitali zisikatizwe.

Usimpandishe treni kumleta huku, ni mbali mno kwa mtu asiyelala. Mpelekeni hospitali ya Kitete, hapo hapo Tabora, kesho asubuhi, mwulizie huduma ya afya ya akili. Bebeni kila dawa aliyokwisha kutumia, hata ile ya mitishamba kwenye chupa, na andika pembeni alianza lini kukosa usingizi. Aende na yule mjomba anayemsikiliza. Na mwambieni mnakokwenda. Msimdanganye kwamba mnakwenda sokoni, maana kesho kutwa mtahitaji awaamini tena.

Mkitoka huko nipigie, hata kama niko zamu nitapokea. Nisalimie mama sana.

Ni mimi,
somo yako