Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kufuata Mrija

Ndugu wanachama,

Poleni kwa safari, hasa ninyi wa Makete na Ludewa mliotoka kwenye ukungu alfajiri ili muwahi Mbeya. Habari za fedha mtazisikia kwa Mweka Hazina. Mimi nitasema tu kwamba ada zinasuasua kama kawaida yetu, na anayedaiwa anajijua.

Sehemu kubwa ya taarifa yangu ni jambo moja. Mkutano uliopita tuliazimia kila msimamizi wa maabara afuate mrija mmoja wa damu, tangu unapotoka mkononi mwa mgonjwa hadi majibu yanapomfikia daktari, akiandika saa kila hatua. Wapo walionung'unika kwamba hiyo ni kazi ya mwanafunzi wa fildi. Nikaanzia kwangu.

Mrija wangu ulikuwa wa kofia ya zambarau, wa picha kamili ya damu. Ulitolewa wodini saa mbili na dakika kumi asubuhi, ukakaa kwenye trei ukisubiri wenzake wajae ndipo mhudumu ashuke nao. Mapokezi ulifika saa tatu na robo. Fomu haikuandikwa wodi, ukawekwa kando hadi mtu apige simu. Ulipoingia kwenye mashine, ulimalizwa kwa dakika moja hivi. Kisha majibu yakalala mezani hadi saa saba mchana, kwa kuwa wa kuyahakiki alikuwa mimi, nami nilikuwa kikaoni.

Ndugu zangu, kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika barua za kuomba mashine ya pili!

Niliporudi kutoka kikaoni nilikuta na jambo jingine. Kijana wa zamu alikuwa amesimama mlangoni pa stoo, vitendanishi (kemikali za kupimia) viko ndani, ufunguo uko mfukoni mwangu. Nilikuwa nautunza mwenyewe nikidhani ndiyo uangalifu. Sasa funguo ni mbili, kuna daftari la kusaini, na wateknolojia wawili waandamizi wanahakiki majibu ya kawaida. Mimi naletewa yale ya kutisha na yenye utata. Simu yangu imepungua kelele, na nimepata muda wa kutazama chati za udhibiti wa ubora, zinazoonyesha kama mashine inapima sawasawa, asubuhi, kabla hatujatoa jibu hata moja. Zamani nilikuwa nazisaini zote kwa mpigo siku ya Ijumaa, na sidhani kama nilikuwa peke yangu.

Waliofuata mrija kwenye maeneo ya baridi walituletea funzo ambalo sikulitarajia. Mwenzetu mmoja alikuwa akipokea damu kutoka vituo vya mbali, imepanda bodaboda ndani ya kisanduku chenye barafu, chembe bado hazijatenganishwa na majimaji yake. Majibu ya potasiamu yakawa juu, daktari akashtuka, mgonjwa akaitwa arudi, kipimo kikarudiwa, na mara ya pili kikawa sawa. Ikajirudia kwa wagonjwa kadhaa. Mashine ilikuwa nzima. Chembe nyekundu zikipoa, ile pampu yake ya kurudisha potasiamu ndani hulegea, potasiamu ikavujia kwenye majimaji ya damu. Huku kwetu mwezi wa Julai hata bila barafu ni wa kuuangalia. Sasa vituo vyenye sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha mirija, hutenganisha kwanza ndipo visafirishe. Visivyo nayo huleta mapema, bila barafu kwa kipimo hicho. Kila kipimo kinachorudiwa kinakula kitendanishi, saa za mtaalamu na nauli ya mgonjwa, na kwenye ripoti ya mwezi sisi tunakihesabu kama kazi mbili tulizofanya. Naomba tuache kujivunia hesabu hiyo. Wakaguzi nao, kwa toleo la 2022 la ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, wanauliza zaidi habari ya hatari kwa mgonjwa.

Hatukufanikiwa kila mahali. Ule mpango wa kuazimana vitendanishi vinavyokaribia kuisha muda umekufa. Kundi la WhatsApp tulilolifungua kwa kazi hiyo limejaa salamu za asubuhi na michango ya misiba. Michango ni jambo jema, lakini ikae kwenye kundi lake. Kamati imemteua mjumbe mmoja kila mkoa apige simu kila mwisho wa mwezi kuuliza nani ana ziada na tarehe zake. Mafunzo ya utunzaji wa friji tuliyoyapanga Iringa hayakufanyika kwa kukosa fedha, na hapo narudi kwenye ada.

Mwaka ujao tutafuata kikopo cha makohozi. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu la kifua kikuu ndani ya saa mbili. Tuandike sisi tunaongeza saa ngapi. Fomu za kuandikia saa anazo Katibu, chukueni kabla ya chakula.

Mwenyekiti